Kidole cha Tharsisi

Siku ya tatu miwa ilianza kunuka. Si ile harufu tamu ya siku ya kukata, iliyowafanya watoto watafune mpaka midomo ikachubuka. Hii ilikuwa harufu kali ya kitu kilichochacha, na nyuki waliojaa juu ya lundo tangu juzi walikuwa wameondoka, nafasi yao wameishika inzi. Epifania aliuvunja muwa mmoja, akalamba pale ulipokatikia, akatema.

"Baba Nsengimana," alimwambia mumewe, "huu si muwa tena."

Tharsisi alikuwa amekaa juu ya jiwe kando ya njia ya trekta. Alikuwa amekuja kukaa hapo tangu alfajiri, kana kwamba trekta ni mgeni mwenye haya ambaye hataingia asipopokewa.

"Litakuja," alisema. "Reverien amesema litakuja."

"Amesema lini?"

"Alisema."

"Alisema Jumapili. Leo Alhamisi."

Tharsisi aliendelea kuitazama njia. Alikuwa mtu mpole, na upole wake watu wa kijiji cha Murubanga waliusifu sana, hasa wale waliokuwa na jambo la kumwomba. Reverien aliyemtaja alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, katibu wa kijiji, mtu wa baiskeli na kaunda suti. Neno lake lilikuwa na uzito mara mbili katika nyumba ile: mara moja kwa sababu ya cheo, na mara ya pili kwa sababu ya damu.

Pasikali, jirani yao, alipita na jembe begani. Akasimama, akavuta hewa kwa pua.

"Mama Nsengimana, kwa nini mnahangaika na trekta? Leteni mirija tu, tukae tuinywe hapo hapo ilipo!"

Alicheka peke yake. Alipoona hawacheki akasema, "Samahani jamani," akaenda zake.

Sasa msomaji atauliza, na ana haki ya kuuliza: mtu mwenye akili anakataje miwa yote ya shamba kwa siku moja, wakati inajulikana kwamba muwa uliokatwa haungoji? Bwana shamba mwenyewe alikuwa amewafundisha wakate kidogo kidogo, mzigo wa trekta moja kwa siku. Lakini Bwana shamba hakuwa mtu wa Buha. Huku kazi kubwa ni ya ikibiri. Mwenye shamba hupika urwarwa, pombe ya ndizi, huwaita majirani, nao huja na panga zao na nyimbo zao, na kazi huisha siku hiyo hiyo. Mwenye ikibiri akibakiza shamba nusu, watasema pombe haikutosha, na aibu hiyo humfuata mtu miaka mingi.

Kwa hiyo Reverien alipowajia Jumapili baada ya misa, akasema, "Kateni yote, Jumatano anakuja mgeni kutoka mkoani, anataka kuona mlima wa miwa, trekta la kiwanda litapakia jioni yake," hawakuona kosa lolote. Epifania alipika mitungi sita. Jumatatu walikuja watu thelathini na wawili, na kabla jua halijazama bonde lote lilikuwa tupu. Mgeni wa mkoani alikuja kweli. Alisimama mbele ya lundo, akapigwa picha, akasema Murubanga ni mfano wa kuigwa. Halafu gari lake likaondoka, na jioni yake trekta halikuonekana.

Epifania alijifunga kanga ya pili kiunoni.

"Unakwenda wapi?" Tharsisi aliuliza.

"Kiwandani. Wewe endelea kulinda jiwe."

*

Kiwanda chenyewe kilikuwa banda la mabati kandokando ya kijito cha Murutegwe. Ndani mlikuwa na mashine ya kukamulia inayokwenda kwa dizeli, na makarai manne makubwa ya chuma juu ya tanuri refu la matofali. Humo maji ya miwa yalichemshwa mpaka yakawa sukari guru, ile nyekundu inayokatwa kwa panga. Ilikuwa miaka ya sukari adimu. Duka la ushirika likipata gunia moja, foleni ilianza kabla ya majogoo. Kwa hiyo kiwanda kilipoletwa, watu walishangilia, na Epifania alishangilia pamoja nao.

Siku hiyo banda lilikuwa kimya. Tanuri lilikuwa baridi, na kuku walikuwa wanajimwagia majivu yake. Meneja Gharibu, mtu mnene mwenye asili ya Ujiji, alikuwa amechuchumaa chini ya mashine anafungua nati kwa spana.

"Habari za kazi, Meneja."

"Nzuri, mama. Karibu. Angalia oili hapo."

"Mashine imeharibika?"

"Haijaharibika. Nzima kabisa." Akaivuta nati, akaitia katika kopo. "Tunaifungua ili iingie kwenye lori. Tunahama."

Epifania alimtazama kama hakusikia. "Mnahama kwenda wapi?"

"Kibondo. Upande wa Mabamba."

"Na miwa yetu?"

Gharibu alijiinua taratibu, akajipangusa mikono kwa kitambaa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa fundi, na mafundi wengi husema ukweli bila kujua kwamba ni siri ya mtu.

"Mama, nitakamua kwa nini? Kuni hakuna. Karai moja linakula mti mzima kutwa. Tulianza na miti ya hapa karibu, tukapanda mlimani, tukarudi kwenye ile ya chemchemi. Sasa angalia mwenyewe."

Epifania hakuhitaji kuangalia. Alikuwa amepita katikati ya visiki tangu njiani. Miti ya mivumu iliyoizunguka chemchemi, ambayo wazee walikataza hata kuchuma kijiti chake, ilikuwa imebaki visiki vyeupe, na chemchemi yenyewe ilikuwa imekuwa tope lenye nyayo za mbuzi.

"Mwezi wa tano nilimwambia Katibu," Gharibu aliendelea. "Nikamwandikia na barua. Nikasema wakulima wasikate, kuni zilizobaki zinatosha shamba moja tu. Wiki iliyopita tukakamua la mzee Ndihokubwayo, basi, kwisha."

"La Ndihokubwayo."

"Ndiyo. Katibu alisema lianze hilo."

Mzee Ndihokubwayo alikuwa baba mkwe wa Reverien. Epifania alikaa juu ya gurudumu la trekta lililolala pale.

"Na huko Mabamba," aliuliza, "miti ipo?"

"Ipo! Msitu mkubwa."

"Mtaumaliza nao."

Gharibu alicheka kidogo, kisha akaona kwamba si mzaha. "Mimi ni mtu wa mashine tu, mama," alisema, akarudi chini.

Kando ya banda palikuwa na shimo. Mkataba ulisema lichimbwe kina cha watu wawili, lipokee maji machafu ya kuoshea makarai ili yasiingie kijitoni. Lilikuwa limechimbwa mpaka usawa wa kiuno, siku alipokuja mgeni mwingine, likaachwa. Maji machafu yalipita pembeni yake, meusi, yenye povu la rangi ya chai, yakaingia Murutegwe. Tangu mwezi wa sita hakuna aliyeona hata kambale mmoja. Watoto waliooga humo walitoka wakijikuna. Ndama wa Pasikali alikunywa, akavimba tumbo, akafa.

Miaka miwili nyuma, bonde hili lilikuwa la maharage. Kiangazi, mlimani kunapokuwa vumbi tupu, wanawake walishuka bondeni kwenye udongo mweusi wenye unyevu, wakapanda, na nyumba zikala mpaka mvua. Sehemu ya Epifania alipewa na mama mkwe wake siku alipozaa mtoto wa kwanza. Ilipotakiwa kwa ajili ya miwa alikataa wiki mbili. Alikuja kukubali aliposomewa mkataba mkutanoni: shimo litachimbwa, miti ya chemchemi haitaguswa, na kwa kila mti utakaokatwa mlimani itapandwa mitatu, kiwanda kikiondoka kitalirudisha bonde kama kilivyolikuta. Msomaji wa mkataba huo alikuwa Reverien. Alisoma vizuri, kwa sauti ya shule, na shule hiyo ililipiwa kwa maharage ya bonde hilo hilo.

*

Alimkuta ofisini, anachonga penseli.

"Karibu, shemeji. Kaa."

"Nitasimama. Reverien, ulijua."

"Nilijua nini?"

"Usinifanye mtoto. Meneja ameniambia. Tangu mwezi wa tano."

Reverien aliutazama mlango, akainuka, akaufunga. "Shemeji, mambo ya ofisi hayasemwi hovyo. Ningetangaza kwamba kiwanda kinahama, watu wangefanya fujo. Mgeni angekuta nini hapa? Fujo?"

"Kwa hiyo ulituambia tukate ili mgeni aone mlima."

"Ili kijiji kipate sifa. Sifa ikipatikana, misaada inakuja. Ndivyo mambo yanavyokwenda."

"Na baba mkwe wako? Yeye hakutakiwa kwenye mlima?"

Penseli ilikatika ncha. Reverien alianza kuichonga upya, na kwa mara ya kwanza masikio yake yalibadilika rangi.

"Yule ni mzee," alisema.

"Na mimi nani? Nilikubeba mgongoni, Reverien. Nilipoolewa ulikuwa na miaka mitano, una upele, hutaki kulala mpaka nikuimbie."

"Shemeji, najua. Najua yote hayo." Sauti yake ililainika. "Ndiyo maana sitawaacha. Nitaandika barua kwa Katibu Tarafa. Jumatatu anakuja kufunga mambo ya kiwanda. Nitaandika kwamba mmepata hasara, muangaliwe."

"Sitaki kuangaliwa. Mkataba upo. Wachimbe shimo, wasafishe kijito, wapande miti. Miwa nimeshaisamehe, imeoza. Bonde silisamehi."

"Vyote nitaviandika."

"Ahadi ni deni."

"Ni deni, shemeji."

Alitoka. Njiani alijilaumu kwa kumkumbusha mtu upele wake wa utotoni. Ndivyo alivyokuwa: hata akidhulumiwa, huanza kwa kutafuta kosa lake mwenyewe.

*

Jumamosi Reverien alikuja kwa kaka yake. Alikuja asubuhi, saa ambayo kijiji kizima kinajua kwamba wanawake wameshapanda mlimani kutafuta maji. Tangu Murutegwe iharibike, maji ya kunywa yalitoka chemchemi ya mbali, mwendo wa saa mbili kwenda na mbili kurudi. Sisemi alichagua saa hiyo. Nasema tu kwamba alikuja saa hiyo.

Mkononi alikuwa na kipande cha sukari guru kilichofungwa katika jani la mgomba. Mama yao, Bibi Niyonsaba, aliyekuwa anaota jua mlangoni, alikipokea kwa mikono miwili.

"Imana ikubariki, mwanangu. Chai ya leo itakuwa chai."

Tharsisi alimpa mdogo wake kiti, yeye akakaa juu ya kinu. Reverien alitoa karatasi, akaikunjua, akaanza kusoma. Sauti ile ile nzuri.

"'Sisi wakulima wa bonde la Murutegwe, kwa heshima na taadhima, tunaleta kwako shida yetu. Tulilima kwa bidii, tukakata miwa, na sasa tuko katika hali ngumu. Tunaomba ofisi yako ituangalie kwa jicho la huruma.' Na kadhalika, na kadhalika. Mnaonaje?"

"Maneno mazuri," alisema Bibi Niyonsaba. "Umeyapanga."

"Na shimo?" aliuliza Tharsisi. "Na miti? Mama Nsengimana ataniuliza."

"Vyote vimo, kaka. Barua ni ndefu."

Tharsisi aliipokea. Alikuwa amehudhuria kisomo cha watu wazima miaka miwili, na alikuwa akijivunia jambo hilo kuliko alivyojivunia kitu kingine chochote. Alisoma polepole, akifuata kwa kidole, na mistari ya Reverien ilikuwa imebanana. Katikati ya ukurasa kidole kilisimama.

"Po... mbe. Pombe. Mbona hapa kuna pombe?"

"Hapo nimeeleza mlivyojigharimia. Kwamba mlipika pombe ya ikibiri kwa ndizi zenu wenyewe. Ili wajue hasara ilivyo kubwa."

"Ah."

"Unaniona kama nitakuandikia vibaya, kaka?"

"Sijasema hivyo."

"Umesimamisha kidole."

Bibi Niyonsaba aliingilia. "Tharsisi, mdogo wako ametoka ofisini na kazi zake zote, amekuja mwenyewe kwa miguu. Usimsumbue."

Tharsisi alitabasamu kwa aibu. Akasema basi, aletewe kalamu, aandike jina lake. Alikuwa amelifanyia mazoezi, herufi nane. Lakini Reverien alikuwa ameshafungua kikopo cha wino.

"Kidole kinatosha. Jina mtu anaweza kulighushi. Kidole ni cha mwenyewe."

Kikabandikwa. Dole gumba la mkulima, pana, lenye kovu la panga, likaacha alama safi chini ya karatasi. Tharsisi alibaki akiliangalia neno lile katikati ya ukurasa. Alitaka kusoma lililofuata. Reverien aliikunja karatasi kabla wino haujakauka.

Epifania aliporudi na mtungi, jasho likimtiririka, alikuta chai ya sukari guru inamngoja. Akauliza barua inasemaje.

"Nzuri," Tharsisi alisema. "Vyote vimo."

Hakumwambia habari ya lile neno.

*

Jumatatu mkutano ulifanyika katika darasa la nne, watu wakibanana kwenye madawati ya watoto na wengine wakichungulia madirishani. Katibu Tarafa alikuwa mtu mkavu mwenye miwani, na alionekana hana usingizi wa kutosha. Epifania alikaa mbele. Alikuwa amejiandaa. Alikuwa amehesabu visiki vya chemchemi, kumi na vinne, na alikuwa akirudia idadi hiyo moyoni ili asije akaikosea.

"Kabla sijasikiliza malalamiko," alisema Katibu Tarafa, "ipo barua ya wakulima wenyewe. Naisoma."

Akaisoma. Mwanzo ulikuwa ule ule, wa heshima na taadhima. Kisha:

"'Tunakiri kwamba tulikata miwa yote kwa siku moja, kwa hiari yetu, bila kibali cha kiwanda, tukiwa katika sherehe ya pombe iliyopikwa nyumbani na Epifania, mke wa Tharsisi. Tunakiri kwamba hasara hii imetokana na ulevi wetu wenyewe. Hatuna dai lolote kwa kiwanda, si la miwa, si la bonde, si la maji wala miti. Tunaomba ofisi yako ituangalie kwa jicho la huruma.' Kidole: Tharsisi, kwa niaba ya wakulima."

Halafu mtu mmoja nyuma akasema, "Ulevi?" na kelele ikaanza. Watu thelathini na wawili waliokuja na panga zao na nyimbo zao, wakafanya kazi ya mwezi mmoja kwa mchana mmoja, sasa walikuwa walevi wa maandishi. Wengine walimtazama Tharsisi. Wengine, na hili ndilo lililomuuma zaidi, walimtazama Epifania, aliyepika.

Epifania alisimama. Alisahau visiki.

"Mzee, mume wangu hakusomewa hayo. Namjua. Hawezi."

Katibu Tarafa alivua miwani. Watu humwona kiongozi mkavu wakadhani hana haki. Huyu alikuwa nayo.

"Kama hakusomewa, ni jambo dogo. Aseme. Akisema alidanganywa, karatasi hii naichana hapa hapa, mkataba wa kiwanda unabaki kama ulivyo, na lori haliondoki mpaka shimo lichimbwe. Na aliyeiandika anaondoka nami kwenda Kasulu akajieleze polisi. Tharsisi, simama. Kidole hiki ni chako?"

Tharsisi alisimama. Reverien alikuwa amekaa mezani kando ya Katibu Tarafa, macho kwenye daftari, na shingo yake ilikuwa nyembamba kama ya mtoto. Tharsisi alisikia mkono unamshika pindo la koti. Alikuwa mama yake.

"Usimfunge mdogo wako," Bibi Niyonsaba alinong'ona, na mnong'ono wa kikongwe mwenye masikio mazito husikika darasa zima. "Mlinyonya titi moja. Ukimfunga, mimi nazikwa mwaka huu."

"Kidole ni changu," alisema Tharsisi.

"Ulisomewa?"

Epifania hakuwa akimwomba. Alikuwa akimngoja tu, uso wake umetulia, kama mtu anayengoja mwenzake amalizie sentensi ambayo wote wawili wanaijua. Alikuwa na hakika naye. Miaka kumi na saba ya ndoa, mtu hujua.

"Baba Nsengimana," alisema taratibu, "uliniambia vyote vimo."

"Nilisomewa," Tharsisi alimjibu Katibu Tarafa. "Nilisomewa yote."

Katibu Tarafa alivaa miwani, akaandika mstari mmoja. "Basi. Kiwanda hakidaiwi."

Epifania alikaa. Hakulia. Alijipangusa viganja kwenye kanga, mara nyingi, kama vimeshika kitu kinachonata.

Nje, Pasikali alimsogelea, akataka kusema mzaha, akaukosa. "Kikulacho ki nguoni mwako, mama," alisema.

"Kumbe nguo zenyewe ni mbili," alijibu Epifania.

*

Nyumbani hapakuwa na ugomvi. Tharsisi angependa uwepo. Alikuwa ameandaa maneno: damu ni damu, mama ni mzee, bonde litajisafisha mvua ikinyesha. Hakuulizwa. Epifania alipika, akampakulia, akamnawisha mama mkwe mikono kama kawaida. Ila hakumwita tena Baba Nsengimana. Hakumwita kwa jina lolote. Akitaka kumwambia jambo, alilisema hewani: "Jembe limelegea mpini." "Chumvi imekwisha."

Siku ya tatu Tharsisi alishindwa. "Ungefanya nini wewe," alimuuliza, "kama angekuwa ndugu yako?"

"Alikuwa ndugu yangu," alisema Epifania, na akaendelea kupepeta maharage ya mwisho ya akiba.

Lori la kiwanda liliondoka Alhamisi. Lilipakia mashine, makarai manne, mabati ya banda, hata milango. Reverien alikuwa ndani, kiti cha mbele, dirishani, kando ya Meneja Gharibu. Habari zilikuwa zimeenea: alikuwa amepata kazi ya ukarani wa kiwanda huko Mabamba, na kazi hiyo aliahidiwa tangu mwezi wa tano, mwezi ule ule wa barua ya kuni. Mama yake ndiye aliyekuwa wa mwisho kuambiwa. Alikaa mlangoni akiuliza kila apitaye kama Mabamba ni mbali.

Lori halikufika mbali. Pale linapovuka bonde, njia ilikuwa imelowa kwa maji machafu ya kiwanda chenyewe. Miezi mingi yalikuwa yamemwagika hapo kwa kukosa shimo, mpaka ardhi ikawa uji mweusi katikati ya kiangazi. Magurudumu ya nyuma yalizama mpaka kwenye ekseli. Dereva aliungurumisha injini, akarusha tope, akazama zaidi.

Mwenyekiti wa kijiji aligonga chuma cha kengele ya shule. "Wanaume wote bondeni! Tulitoe lori!"

Walikuja kumi na kitu. Wengi walisimama pembeni, mikono nyuma, wakijifanya wanapima kina. Aliyeshuka wa kwanza alikuwa Tharsisi. Alipandisha suruali, akaingia topeni mpaka magotini, akaweka bega kwenye ubao wa nyuma. Wengine wakamfuata kwa kumwonea haya. Walitafuta kitu cha kuweka chini ya magurudumu. Miti haikuwepo, kwa hiyo walibeba miwa iliyooza kutoka kwenye lundo la Tharsisi, mafungu kwa mafungu, wakaitandika. Magurudumu yaliisaga ile miwa, ikatoa maji yake hatimaye, yakachanganyika na tope.

"Moja, mbili, haya!"

Walisukuma mara saba. Mara ya saba lori lilishika, likapanda ukingo, likamrushia Tharsisi tope usoni, kifuani, mdomoni. Aliangukia viganja. Aliinuka haraka akapangusa macho, maana kioo cha mlango kilikuwa kinashushwa na mkono ulikuwa unatoka nje. Alikuwa akilingoja jambo hilo tangu mkutanoni. Hakutaka mengi. Neno moja lingetosha, "kaka", mbele ya watu.

Reverien alitoa kichwa, akawatazama wote kwa pamoja, akapunga.

"Ahsanteni sana, ndugu wananchi!"

Lori likapanda kilima. Wanaume walijikung'uta, wakaondoka wawili wawili, na hakuna aliyezungumza na Tharsisi.

Alibaki peke yake, tope linaanza kukauka na kumvuta ngozi. Katika njia ya mlimani walikuwa wanateremka wanawake wenye mitungi, wakirudi kutoka chemchemi ya mbali. Epifania alikuwa wa tatu. Alitembea taratibu, shingo imenyooka, maji yakicheza kidogo kwenye mdomo wa mtungi bila kumwagika. Tharsisi alisogea njiani.

"Nisaidie maji kidogo," alisema. "Ninawe uso tu. Siwezi kwenda nyumbani hivi."

Epifania alisimama. Alimtazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, bila hasira, kama anamtafuta mtu ndani ya tope lile.

"Haya ni ya kunywa, Tharsisi," alisema. Kwa miaka yote kumi na saba hakuwahi kumtaja kwa jina lake. "Haya ni ya watoto. Wewe kanawe Murutegwe."

Akapita. Tharsisi alisubiri mpaka wanawake wote wamalize kupita, kisha akateremka kijitoni, akalisogeza povu kwa kiganja, akanawa.